Kona ya watoto iliyofungwa Orlando, na mapembea ya Mnazi Mmoja

Jumapili ya tarehe 15 Januari 2023, siku ya mwisho ya kona ya watoto katika bustani ya burudani ya Universal, Orlando, Marekani, nilimwona mwanamume mwenye mvi chache kidevuni amesimama mbele ya kofia kubwa kama kibanda, machozi yanamtoka. Mkononi ameshika picha iliyokunjamana: ni yeye mwenyewe, umri wa miaka sita hivi, amesimama chini ya kofia ile ile. Mkewe alikuwa pembeni anampigapiga begani, na mtoto wao wa kiume keshawaacha zamani, yuko juu kabisa ya wavu wa buibui anaita, "Baba, njoo!"

Mimi ni mtu wa Unguja. Nimeingia Orlando mwaka 2009, nafanya kazi hotelini kama wahamiaji wengi wa mji huu, na binti yangu amezaliwa hapa. Siku ile nilikuja naye kuaga. Ukiondoa miezi ya korona, kona ile ilikuwa ndiyo kiwanja chake tangu ana miaka miwili. Nimeulizwa na jamaa zangu zaidi ya mara moja: watu wazima wanalilia nini, mahali pa kuchezea watoto? Nataka kujibu vizuri, maana suala lenyewe linatuhusu hata sisi tuliotoka upande wa pili wa dunia.

Mahali penyewe palikuwa nyuma ya bustani ya burudani ya Universal Studios Florida, iliyofunguliwa Juni 1990. Mwaka 1992 wakaongeza Fievel's Playland, uwanja wa Fievel, panya wa filamu ya katuni, ambao kila kitu kimekuzwa ili mtoto ajihisi mdogo kama panya: viatu, kofia ya mchunga ng'ombe, wavu wa kupanda, na mtelezo wa maji. Mwaka 1999 eneo zima likapewa jina la Woody Woodpecker's KidZone, likiwa na kitreni kidogo cha kupanda na kushuka kwa ajili ya wanaoanza kujifunza woga, pamoja na mji wa Curious George, nyani mtundu wa vitabu vya watoto, ambako ndoo kubwa hujaa maji zikapinduka, na nyuma yake jumba la mipira laini inayorushwa kwa mizinga ya hewa. Novemba 2022 wenye bustani wakatangaza kwamba hivyo vyote vinafungwa moja kwa moja.

Mashabiki hawakuwa na sauti moja, na ni haki kulisema hilo. Wako waliosema rangi imechakaa, kwamba mtoto wa leo hamjui Fievel wala hana haja ya kumjua, na kwamba mahali panapokusanya watoto panastahili kitu kipya. Nawaelewa. Hata mimi nilikuwa nikiona kutu kwenye vyuma. Lakini wengi zaidi walikuja kuaga, na nilipowasikiliza nikagundua kwamba hawakuwa wakizungumzia katuni hata kidogo. Walizungumzia kukimbia. Mama mmoja alisema pale ndipo mahali pekee katika bustani nzima ambapo hakuwahi kumwambia mwanawe asubiri.

Hebu fikiri siku ya mtoto katika bustani kama zile. Anapanga foleni saa nzima ili apande chombo kwa dakika nne tano. Anafungwa mkanda, anaonyeshwa, anafunguliwa, anatolewa. Kila kitu kimeshapangwa na mtu mwingine: utazame wapi, ushtuke saa ngapi, ucheke lini. Kule nyuma hakukuwa na foleni ila kwenye mtelezo na kitreni. Mtoto aliingia, akavua viatu, akaamua mwenyewe kama anapanda wavu au anajificha ndani ya kiatu. Akipata mwenzake asiyemjua jina, dakika mbili baadaye ni ndugu. Binti yangu alicheza pale na watoto wanaosema Kihispania, Kireno, Kikrioli cha Haiti, na sijaona siku hata moja walipohitaji mkalimani.

Sasa ndugu yangu uliye nyumbani utaniambia: hayo ndiyo ya kulipia? Mtoto kukimbia na asiowajua?

Naam. Hapa ndipo penye tofauti yenyewe, na imenichukua miaka kuiona. Nilipokuwa mtoto Ng'ambo ya Unguja mjini, mchezo ulianza pale mlango unapofunguliwa. Asubuhi unatoka na kipande cha mkate, unarudi adhana ya magharibi, na katikati ya hapo umelishwa na nyumba tatu na kukaripiwa na nne. Hakuna aliyetupeleka kucheza. Bibi wa jirani alikaa barazani na ukili wake na macho yake yalitutosha. Tukitaka maji, bahari ipo. Tukitaka kupanda, mwembe upo. Hatukujua kwamba tuna kitu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akituuzia.

Mtaa ninaokaa hapa una nyumba nzuri, njia safi, na kimya. Sijaona mtoto akibisha hodi kwa mwenzake. Ukitaka mwanao acheze na wa jirani, mnapeana miadi, siku na saa, kama mnakwenda kwa daktari. Magari yanapita kasi, na mtoto wa miaka sita akionekana nje peke yake watu watauliza mzazi wake yuko wapi. Siwalaumu, ndivyo maisha yalivyojengwa huku, kwa umbali na kwa gari. Lakini matokeo yake ni kwamba uhuru ule niliopewa bure uchochoroni, mwanangu nilimnunulia kwa tiketi ya mwaka, ndani ya ukuta, mpaka saa ya kufunga. Kwa hiyo wakisema wanafunga, hawafungi mchezo mmoja kati ya mingi. Mtoto hana uchochoro mwingine wa kukimbilia. Yule bwana aliyekuwa akilia, sidhani kama alimlilia panya.

Ingawa panya mwenyewe ana habari zake. Wengi hawakumbuki kwamba Fievel ni mhamiaji. Katika filamu ya katuni ya mwaka 1986, yeye na wazee wake wanatoka Urusi miaka ya 1880 kwenda New York kwa meli, wakiamini kwamba Marekani hakuna paka. Mtoto anasombwa na wimbi, anafika peke yake, na paka wapo tele. Nilipomweleza mwenzangu mmoja wa kazini, mtu wa Goma, alinyamaza kidogo akasema, "Basi huyo ni wa kwetu." Tazama na Curious George: waliomtunga, Hans na Margret Rey, walikuwa Wayahudi wa Ujerumani waliotoroka Paris kwa baiskeli Juni 1940, jeshi la Wajerumani linakaribia kuingia mjini, mswada wa kitabu umo ndani ya mizigo yao. Na nyani wao ndani ya kitabu anachukuliwa Afrika ndani ya gunia kupelekwa nchi ya watu. Hilo la gunia lilinikera nilipolisoma mara ya kwanza na linanikera mpaka leo, lakini mtoto wangu alimpenda George kwa utundu wake na sikumzuia. Jirani yao wa tatu ni E.T., kiumbe wa filamu kutoka sayari nyingine, aliyeachwa mbali, anayetaka kitu kimoja tu: kurudi kwao. Miaka yote ile watoto walikuwa wakicheza katika kona ya waliopotezana na nyumbani, na sijui kama kuna aliyeipanga iwe hivyo.

Jambo jingine lililonigusa ni ile tarehe. Tangazo lilitoka Novemba, mwisho ukawa Januari. Watu walipewa majuma kadhaa ya kuaga. Walikuja na picha zao, wakasimama palepale waliposimama utotoni, wakawashika watoto wao mkono wakawaonyesha. Mtu mwingine ataona huo ni upuuzi wa watu walioshiba. Mimi niliona ni adabu. Na wao wenyewe walijua thamani yake, kwa sababu Barney, dinosaria wa kipindi cha watoto cha televisheni, aliyekuwa na ukumbi wake pale tangu 1995, hakuagwa. Bustani ilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, ikafunguliwa Juni, naye hakurudi tena. Siku ile ya Januari nilisikia watu wakimtaja kwa uchungu zaidi kuliko vilivyokuwa vinafungwa mbele yao.

Sisi nyumbani ni Barney watupu: vyetu huondoka bila kuagwa. Mtaani kwetu kulikuwa na kiwanja, mchanga mtupu na magoli mawili ya miti, na upande mmoja pembea iliyofungwa kwenye mkungu. Mwaka mmoja nilikwenda likizo nikakuta matofali na nondo. Hakuna aliyejua nani kaidhinisha, na jambo lililonivunja moyo ni kwamba hakuna aliyekuwa akiuliza. Nilipomwuliza kaka yangu watoto wanacheza wapi sasa, akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Si wapo tu." Watu walewale wanaoweza kubishana mpaka usiku wa manane kuhusu penalti ya juzi, hawakuwa na neno hata moja kwa kiwanja walichokulia. Tunadhani mchezo wa mtoto hauhitaji kutetewa kwa sababu haukuwahi kununuliwa. Hapo naona wenzetu hawa wametuzidi, na sioni aibu kulisema.

Lakini si kila kitu nyumbani hupotea hivyo. Forodhani ilifungwa ikatengenezwa chini ya mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, ikafunguliwa tena Julai 2009, mwaka ule ule nilioondoka. Iliporudi, ilirudi kwa wenyewe. Watoto waliokuwa wakijitupa baharini kutoka ukutani wakaendelea kujitupa, na kwa wadogo kukawekwa mahali pa kuchezea. Hakuna aliyeulizwa tiketi getini. Hilo huku silioni kirahisi: mahali kufungwa, kisha kurudishiwa walewale.

Pale Orlando kilichorudi ni kingine. Tarehe 14 Juni 2024 palifunguliwa DreamWorks Land, na wahusika wa katuni za Shrek, Trolls na Kung Fu Panda ndio wenyeji wapya. Nimempeleka binti yangu. Nilikwenda na kinyongo, lakini nitasema kweli: wamejitahidi. Pana pa kukimbia, pana maji ya kuchezea, na kile kitreni cha 1999 bado kinazunguka juu ya reli zake, kimevalishwa sura mpya tu. Nilimwona mtoto wa miaka mitatu akicheka hadi akakaa chini. Huyo hana kilio cha mtu, na baada ya miaka thelathini huenda akawa yeye ndiye aliyesimama pale na picha mkononi. Wangu, aliyekwisha kuwa na miaka minane, alizunguka mara moja, akarudi, akanishika kidole. "Kofia iko wapi?" Anajua imeondolewa. Aliuliza tu.

E.T., na chombo chake cha kupanda, amebaki. Mashabiki walikuwa na hofu kubwa kwamba naye ataondoka, kwa kuwa mwenzake wa Hollywood alifungwa mwaka 2003 na wa Japani mwaka 2009. Huyu wa Florida ndiye wa mwisho aliyesalia. Kabla ya kupanda unaulizwa jina lako, unapewa kadi wanayoiita pasipoti, unapanda baiskeli, na mwisho wa safari E.T. anawaaga abiria kwa majina. Jina la binti yangu ni la Kiswahili na halijawahi kutoka vizuri. Mara linatoka nusu, mara linatoka la mtu mwingine. Lakini kila mara yeye hujiinua kwenye kiti na kumpungia mkono, na mimi kila mara koo linanikaba, maana nami nina pasipoti na nina mahali ninapotaka kurudi.

Mwaka huu, Mungu akipenda, tutakuwa Unguja kwa Idi. Itakuwa mara yake ya kwanza. Nimemweleza habari za viwanja vya sikukuu Mnazi Mmoja: nguo mpya, shilingi za Idi unazopewa na kila mkubwa unayemwamkia, mapembea, maputo, malai yanayomwagika mikononi, na watoto wa kisiwa kizima kwa pamoja. Alisikiliza kwa makini sana. Akauliza kama kuna foleni, nikamwambia ipo ila haina mkia. Akauliza kama E.T. yupo, nikamwambia hayupo.

Kisha akauliza swali ambalo mtoto wa kwetu asingeliuliza: "Na huko kunafungwa lini?"

Nikamwambia siku ya nne. Kisha kunafunguliwa tena Idi nyingine.