Seli si za kawaida kwenye titi ila sio kansa: upasuliwe, umeze dawa au usubiri?

Kuna majibu ya biopsi, yaani kipimo cha kinyama kilichotolewa kwenye titi, yanachanganya kuliko hata kuambiwa una kansa, yale ya "seli si za kawaida ila kansa haijaonekana". Mtu anatoka na karatasi hajui ashukuru au alie, na akifika nyumbani dada anamwambia toa titi lote yaishe, shangazi anasema kisu kinaamsha ugonjwa. Mi naona wote wamepitiliza.

Kwanza slaidi, vile vioo vyenye kinyama chako, zisomwe na mtu wa pili. Utafiti wa Marekani uliotoka 2015 ulionyesha mapatholojisti, madaktari wanaosoma vinyama kwenye hadubini, walipopewa slaidi za seli za aina hii walikubaliana na jopo la mabingwa kwa asilimia 48 tu, sasa unaanzaje kupanga maisha kwa macho ya mtu mmoja?

Kisu nacho kina kesi nzuri. Sindano inatoa vinyama vyembamba tu, na ripoti ikisema ADH, yaani seli ziko ndani ya mirija ya maziwa, kawaida inashauriwa sehemu ile ipasuliwe kitolewe kinyama kikubwa zaidi, kwa sababu kuna wanaokutwa na kansa pembeni hapo hapo na sindano haikuigusa. Ikiwa ni ALH, yaani seli ziko kwenye vifuko vinavyotengeneza maziwa, na picha zinakubaliana na majibu wengi wanafuatiliwa tu bila kupasuliwa. Titi zima kwa hali hii peke yake hapana, labda mtu ana jeni ya kurithi inayoongeza sana hatari ya kansa kama BRCA, huyo hesabu yake nyingine.

Ugumu uko kwenye dawa. Wanawake wenye seli hizi waliofuatiliwa na Mayo Clinic, karibu 30 kati ya 100 walipata kansa ya titi ndani ya miaka 25, ina maana 70 hivi hawakupata, na hao wangemeza bure tamoksifeni, kidonge kinachozuia homoni ya estrojeni kwenye titi. Ila jaribio la 1998, miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, lilipunguza kansa kwa asilimia 86 kwa wenye seli kama hizi, sio mchezo. Upande wa pili kuna damu kuganda, majoto ya usiku, kansa ya mji wa mimba hasa kwa waliokoma hedhi, na anayetafuta mtoto asiiguse kabisa. Halafu hili watu hawalisemi, waliomeza hawakuonekana kuishi muda mrefu kuliko wasiomeza.

Kilichonisogeza mimi upande wa dawa ni jaribio la Italia la wanawake 500, miligramu 5 tu kwa miaka 3, na kansa ikapungua kama nusu bila madhara mengi. Kidonge cha 5 kukipata kazi, ndo maana wengine wanaandikiwa cha 10, leo unameza kesho unaruka.

Na kusubiri? Kusubiri kwa maana ya mamogramu (eksirei ya titi) kila mwaka na daktari kukupapasa kila miezi 6 hadi 12 ni uamuzi halali kabisa, aliyeko Dar au Nairobi mwenye bima anaweza. Ila mama wa Mpanda ambaye kila kipimo ni nauli, kulala kwa ndugu na shamba kusimama, huyo ukimwambia "tutakufuatilia" bila kumuuliza atafikaje umemrudisha tu nyumbani, bora dozi ndogo iwekwe mezani siku hiyo hiyo aamue mwenyewe.