Vuli moja haitoshi kuwa ushahidi
Kwamba mafuriko ya vuli moja hapa Tanga yanathibitisha tabianchi imebadilika, kama makala ninayoijibu hapa inavyodai, sikubali; mwanafunzi wa chuo akijibu hivyo kwenye mtihani atakosa alama. Tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka 30, na kipindi rejea cha sasa ni 1991–2020. Jumlisha mvua ya Oktoba hadi Desemba kwa kila mwaka, ondoa wastani huo wa miaka 30 kwenye kila jumla, kisha angalia Bahari ya Hindi: mwaka 1997, 2019 na 2023 maji ya upande wetu yalikuwa na joto kuliko kawaida, ya upande wa Sumatra yakapoa, na vuli ikafurika. Mwaka wa namna hiyo ukiangukia mwishoni mwa jedwali, unaupinda mstari wote wa mwelekeo, ule unaoonyesha kama mvua inaongezeka au inapungua. Na kabla ya hesabu kagua kituo chenyewe cha kupimia mvua, hili wengi wanaliruka: kipimamvua kilichofunikwa na matawi ya mwembe husoma pungufu, na kisiposomwa saa 3 asubuhi Jumapili, Jumatatu hubeba mvua ya siku mbili. Kwa kosa hili la pili jumla ya msimu haiharibiki, ila rekodi ya mvua kubwa ya siku moja inakuwa ya uongo kabisa. Je, kuna mwenye madaftari ya mvua ya mashamba ya mkonge ya zamani, Muheza au Korogwe, ya kujazia mapengo?