Mganga Hajigangi, Basi Nani Amgange?

Mwaka jana mjomba wetu alipofariki, mdogo wangu, ambaye ni daktari, alifika matangani Kisauni, Mombasa, saa tatu asubuhi. Alikuwa ametoka Nairobi kwa basi la usiku, na kabla ya basi alikuwa ametoka zamu. Hakuwahi hata kukaa mkekani. Bibi mmoja alimshika mkono akamwonyesha goti. Mzee wa nyumba ya pili akatoa mfukoni karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nane. Wa tatu alitaka tu kujua kama dawa ya presha inaweza kunywewa pamoja na ile ya miti shamba.

Huyo mjomba ndiye aliyemlea. Alizikwa siku ileile aliyofariki, na mdogo wangu hakuwahi maziko kwa kukosa wa kumshikia zamu. Lakini wote wale waliompa mkono hawakumpa pole. Nilimpa mimi, jikoni, kikombe cha chai mkononi, naye akanijibu, "Dada, acha. Nikianza kulia nitalala."

Wahenga walisema mganga hajigangi. Kwetu msemo huu tumeutumia kwa mzaha tu, sawa na ule wa kinyozi hajinyoi: fundi seremala kwake viti vina miguu mitatu, fundi cherehani shati lake halina kifungo. Nami nadhani tumeusoma nusu. Mganga hajigangi, kwa hivyo atafutiwe mganga mwingine. Hiyo nusu ya pili tumeiacha njiani, tukaifanya methali kuwa amri.

Mdogo wangu yuko katika hospitali kubwa ya rufaa jijini. Siitaji, maana kazi bado anaihitaji. Ana vidonda vya tumbo, na dawa anajiandikia mwenyewe, anainunua duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Chakula chake cha zamu ni smoki na yai la kuchemsha kutoka kwa kijana wa getini, ukipenda uongeze kachumbari ya pilipili, jambo ambalo yeye mwenyewe angemkataza mgonjwa wake. Nilimuuliza kwa nini haendi kupimwa, na yuko ndani ya hospitali mchana na usiku. Alicheka. Akaniambia orodha ya zamu haina mtu wa ziada, kwa hivyo akisema anaumwa, atakayeitwa ni mwenzake aliyetoka asubuhi na ambaye kichwa chake bado hakijagusa mto. Homa yake inakuwa deni kwa mtu mwingine. Basi haugui. Anameza vidonge viwili na kuvaa koti.

Hili ndilo ninalotaka lizungumzwe, na sisikii likizungumzwa. Mgomo wa madaktari wa Kenya ulioisha Machi 2017 ulidumu siku 100, na viongozi wa chama chao, KMPDU, wakatupwa jela kwa kudharau amri ya korti. Ule wa 2024 ulikwenda siku 56, na ugomvi mkubwa ulikuwa madaktari wanagenzi, wale wanaojifunza kazini baada ya chuo: mkataba wa 2017 uliwapa zaidi ya shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema ina 70,000. Mara zote mbili tuliambiwa udaktari ni wito. Sijawahi kusikia mbunge akiambiwa ubunge ni wito, arudishe marupurupu. Lakini hata sisi tuliowaunga mkono tulihesabu pesa tu. Desemba 2020 daktari wa miaka 28 alifariki kwa Korona aliyoipata akiwahudumia wagonjwa wa Korona, mshahara wake umekwama kwa miezi na bima ya matibabu hana. Tukasema alipwe. Sawa, alipwe. Je, akiumwa, nani anashika zamu yake?

Wenzetu wa New York walifika mahali hapa kwa njia ya msiba. Machi 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki saa chache baada ya kulazwa, akiwa mikononi mwa madaktari wanafunzi wenye zamu ndefu na wagonjwa wengi kupita kiasi. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari na hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo hilo likaweka kikomo: saa 80 kwa wiki, na zisizidi 24 mfululizo. Nilimsomea mdogo wangu tarakimu hizo kwenye simu. Akauliza, "Hiyo ndiyo nafuu?"

Na kikomo hakikumaliza shida. Katika jiji lilelile, masika ya 2020, Dkt. Lorna Breen aliyeongoza idara ya dharura ya hospitali moja Manhattan aliugua Korona, akarudi kazini, akazidiwa hadi kulazwa kwa matibabu ya akili. Familia yake imesema alichohofia ni kwamba matibabu hayo yangemkosesha leseni. Alijitoa uhai Aprili, ana miaka 49. Sheria yenye jina lake, ya kugharimia afya ya akili ya wahudumu wa afya, ilitiwa saini Machi 2022.

Kwetu nako, mwaka 2024, KMPDU walituambia kuhusu madaktari wanagenzi waliojitoa uhai. Hospitalini kwa mdogo wangu mshauri nasaha yupo, siwezi kusema hayupo. Ofisi yake inatazamana na kantini. Anayeingia huonekana na kila aliyeshika sahani, na kesho yake bosi anamtazama kwa jicho la kumpima. Aliyepanga vyumba vile sijui alifikiri nini.

Najua nitaambiwa madaktari ni wachache. Si kweli kwamba hawapo. Wapo waliomaliza miaka sita ya chuo wakakaa nyumbani kwa wazazi wakingoja kupangiwa vituo. Naomba mmoja tu wa ziada katika kila zamu, ambaye kazi yake ni kushika nafasi ya aliyeugua au aliyefiwa, na mshauri nasaha awe nje ya geti la hospitali. Siombi mashine.

Juzi nilimpigia saa nne usiku. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye homa, nikamwambia aende nyumbani. "Nitaenda, dada, nikimaliza na huyu." Hakukata simu, nadhani aliitia tu mfukoni, kwa sababu nilimsikia akivuta kiti na kuuliza polepole, "Tumbo lilianza kuuma lini, mama?"