DNA Ikimkataa Mama, Nani Aaminiwe?

Mwaka 2002, mama mmoja wa jimbo la Washington, Marekani, aliomba msaada wa serikali wa kulea watoto wake. Vipimo vya DNA vikathibitisha kuwa baba ni yuleyule aliyemtaja. Mama, vikamkataa. Akashukiwa udanganyifu. Alipojifungua tena, mahakama iliagiza awepo shahidi, damu ikachukuliwa palepale, na hata mtoto huyo aliyetoka tumboni mwake akaonekana si wake! Kilichomwokoa ni sampuli ya mlango wa kizazi. Seli za huko zilikuwa na vinasaba tofauti na vya damu yake, navyo vikalingana na vya watoto.

Mtu wa aina hii huitwa kimera. Mayai mawili yaliyorutubishwa, ambayo yangekuwa mapacha, huungana mapema tumboni na kuwa mtoto mmoja. Damu inaweza kufuata pacha huyu, ovari zikafuata yule, na mwenye mwili asijue hadi uzeeni.

Ndiyo maana wapo wanaotaka kipimo cha DNA kisiwe neno la mwisho mahakamani. Wana hoja. Maabara haimpimi mtu mzima, hupima tone la damu au ute wa mdomoni. Na si lazima uzaliwe hivyo: aliyepandikizwa uboho, damu yake hubeba vinasaba vya aliyemchangia.

Upande wa pili nao hauna wazimu. Mwendesha baiskeli Tyler Hamilton alipokutwa mwaka 2004 na seli za damu ya mtu mwingine, dalili ya kujiongezea damu kinyume cha sheria za michezo, utetezi wake uligusia pacha aliyepotelea tumboni. Wasuluhishi hawakushawishika, wakamfungia miaka miwili; mwaka 2011 akakiri hadharani kwamba alikuwa akitumia dawa na mbinu haramu. Visa vya kimera vilivyothibitishwa ni vichache mno. Kila anayekataliwa na kipimo akiruhusiwa kumsingizia pacha, hakuna kesi itakayokwisha.

Mimi naona kosa kubwa liko kwenye swali tunaloiuliza maabara: ni mzazi, ndiyo au hapana? Kimera si mgeni kwa mtoto wake. Mwaka 2015 iliripotiwa habari ya Mmarekani aliyeambiwa mtoto si wake. Uchunguzi mpana zaidi ukamwonyesha kama baba mdogo wa mtoto huyo. Baba halisi, kwa lugha ya vinasaba, alikuwa pacha ambaye hakuwahi kuzaliwa. Jibu la "hapana" lilikuwa limeufunika undugu huo wote.

Mwenye shaka atasema, na atakuwa sahihi, kwamba matokeo yangekuwa hayohayo kama aliyempa mke mimba ni ndugu wa damu wa mume. Kwa hiyo undugu peke yake haumsafishi mtu. Unatosha tu kumpa haki ya kupimwa tena, safari hii kwa sampuli ya sehemu nyingine ya mwili wake.