Wiki moja, hadithi moja, jamani

Kuna video inazunguka kwenye simu: mahafali ya skuli ya maandalizi (chekechea), watoto wamevalishwa majoho, wanaimba kwa Kiingereza habari za theluji. Wazazi wanashangilia, simu zote juu. Aliye mbele anatikisa kichwa kwa ufundi hasa. Muulize theluji ni kitu gani. Au basi, usimuulize, utaharibu shughuli ya watu.

Theluji yenyewe ningeisamehe. Nisichosamehe ni kwamba Jumatatu ni theluji, Jumanne simba, Jumatano treni, Alhamisi rangi za upinde wa mvua, na Ijumaa siku fupi, watu wanawahi msikitini. Mtoto anarudi kwao na vipande vitano visivyojuana. Kisha kwenye andalio la somo tunaandika kwa wino wa buluu: "kufundisha kwa mada".

Mada ni kitu mtoto anachoweza kukishika, halafu darasa zima likakaa nacho wiki nzima. Chukua pwani. Hadithi yake iwe ya dakika tano hadi saba, wahusika wanne basi, maneno mapya yasizidi sita, na kiitikio kimoja kinachorudi mara tatu au nne. Mtoto anashuka pwani na kikapu. Anafika kwenye tundu la pweza, kisha la kaa, kisha kwa chaza aliyejifunga. Kila pahala anapiga hodi: "Hodi, hodi, mwenye tundu!" Mwenye tundu anajibu: "Maji yakijaa, rudi!" Mwisho maji yanajaa kweli, mtoto anakimbia na kikapu kitupu. Hadithi imekwisha. Haihitaji simba wala treni.

Jumatatu simulia bila kitabu. Kikapu cha kweli mkononi, kombe la chaza, ganda la kaa kama lipo. Jumanne simulia ileile, maneno yaleyale, ila kwenye kiitikio nyamaza. Hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu: wananyamaza nusu ya pumzi, wakiona kimya wanaitikia wenyewe. Hesabu moyoni mpaka tano. Watoto waliolelewa na "paukwa, pakawa" hawafundishwi kuitikia, wanahitaji nafasi tu. Jumatano waigize, na aliyekuwa pweza asiwe pweza tena mzunguko wa pili. Alhamisi wape picha nne zilizochanganywa wazipange: nini kwanza, nini baadaye. Ijumaa mtoto mmoja au wawili wasimulie, mwalimu amekaa chini kama wenzao.

Mwalimu atasema watoto watachoka na hadithi ileile. Anayechoka ni mwalimu. Mtoto wa miaka minne anamwomba bibi yake hadithi moja kila usiku, na bibi akiruka neno anakosolewa. Mara ya kwanza anasikia kelele na sauti. Mara ya pili anajua nani ni nani, na mara ya tatu anaanza kutabiri. Ukimbadilishia hadithi kila siku, unamkatisha kila siku kwenye ile mara ya kwanza.

Kisha wimbo, nao wa mada ileile. Sio lazima uwe umetoka mbali. Huu hapa, wenye mizani nane, yaani silabi nane, kila mstari:

Maji yanapwa, shukeni,
Kaa kalala shimoni;
Maji yajaa, rudini,
Kikapu ki mkononi.

"Shukeni" wanachutama, "rudini" wanapiga hatua nyuma. Tayari wameshika kupwa na kujaa, kushuka na kurudi, bila ubao. Lakini kazi kubwa ya wimbo iko kwenye makofi: kofi moja kila silabi, polepole. Maandishi ya Kiswahili yanafuata silabi, kwa hiyo sikio lililozoea kukata silabi linaingia kwenye kusoma likiwa na nusu ya kazi imeshafanyika. Na hapa walimu wanateleza sana. Utawaona wanapiga "mbuyu" makofi mawili. Mbuyu ni matatu: m-bu-yu. Mbuzi ndiye mawili: mbu-zi. Mtoto ni m-to-to, mti ni m-ti, mbu huyu anayetuuma ni m-bu. Ile "m" ya "mkononi" ina kofi lake. Ukiimeza, mstari wa nne unapungukiwa na silabi moja, na watoto wenye masikio mazuri watabaki na kofi moja hewani wakikutazama. Ukiimbwa kwa kasi ya harusi, wimbo hauna faida yoyote kwa silabi. Darasa likiwa na watoto 50, gawa duara mbili, msaidizi achukue moja. Duara moja la watoto 50 ni fujo ya mstari wa mbele na usingizi wa nyuma.

Hesabu nayo imo humohumo. Kaa ana miguu minane na magando mawili, jumla 10. Pweza ana minyiri minane. Nani ana mingi, na amezidi kwa mingapi?

Halafu lile swali letu la mwisho wa hadithi, "Tumejifunza nini?", na darasa zima kwa sauti ya pamoja: "Tuwatii wazee!" Hata kama hadithi ilikuwa ya chaza. Uliza kwa nini chaza hakufungua. Uliza wewe ungefanya nini.

Haya, Kiingereza. Wazazi wanakitaka, na anayelipa ada ana sauti. Kiwekwe, lakini kwenye mada hiyohiyo: kaa akishajulikana kwa Kiswahili, jina lake la pili halimsumbui mtoto. Na watu wa vituo vya Tucheze Tujifunze, vile vya maandalizi vilivyofundisha kwa redio, wataniambia redio ilikuwa na nyimbo nzuri na walimu wa kujitolea waliziweza. Kweli, ilisaidia. Lakini redio haiwezi kunyamaza kwa ajili ya mtoto mmoja aliyechelewa kuitikia.

Kama skuli iko karibu na pwani, wapelekeni, ila tazameni mwezi kwanza. Bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, huja siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwetu Zanzibar maji ya bamvua hupwa mbali kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, ndani ya saa za skuli. Wiki ya maji mafu mtakuta maji hayajatoka vya kutosha na safari imekufa. Viatu lazima, kwa ajili ya miiba ya shorongo, yule mnyama wa baharini mwenye miiba mwili mzima, na ncha za miamba. Mtu mzima mmoja kwa watoto watano, na kurudi kuanze maji yakianza kugeuka, msisubiri yafike miguuni.

Makombe mtakayookota yasuguliwe kingo kwenye jiwe kabla ya kuwekwa kwenye kona ya darasa. Lolote dogo kuliko kisoda libaki pwani, maana litaishia mdomoni au puani. Yaoshwe na yaanikwe juani siku mbili, na yale yenye mnyama ndani yaachwe palepale. La sivyo Jumatatu darasa halikaliki kwa harufu. Na zile picha nne chora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Karatasi yake ni nene, haikunjiki ovyo, na kila duka la mtaani wanayo wanakaribia kuitupa.