Andikeni bei, jamani

Wauzaji wa Instagram, hii yenu ya "bei njoo DM", yaani niwatumie ujumbe binafsi ndio mnitajie bei, imenichosha kabisa. Juzi usiku nimeona viatu vya shule vya mwanangu kwenye Instagram: vyeusi, vya kamba, picha kali, jina la duka limepambwa pembeni kwa rangi ya dhahabu. Nikasoma maelezo. Aya nzima ya ndoto za mwenye duka na safari yake ya biashara, halafu hashitagi mstari kwa mstari. Bei hakuna. Saizi hakuna. Duka lilipo hakuna. Watu wameuliza "bei gani dada?", wote wamejibiwa "njoo DM".

Nikaenda. Jibu limekuja kesho yake saa nane mchana: "Habari mpendwa, upo mkoa gani?" Mkoa unahusiana nini na bei ya kiatu? Na shule zinafunguliwa Jumatatu!

Chini ya picha moja mnaruhusiwa herufi 2,200. Kweli 35,000/= inakosa nafasi? Mnasema mnajenga jina, na mimi mteja mwenye hela mkononi mnanizungusha hivi.

Viatu nimenunua Kariakoo, kwa kaka aliyeandika bei kwa makapeni kwenye kipande cha boksi.