Gia Tatu za Kurudi Nyuma

Baba mkwe wangu ni mtu wa maneno machache. Kwa miaka 12 niliyomuoa binti yake amenipa ushauri mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa siku ya mahari: nisimdai mwenzangu chenji ya sokoni. Mara ya pili nilikuwa napita mbele ya kiti chake kinyumenyume, nimekalia trekta.

"Zima," alisema.

Nianze na Babu. Babu ni trekta la bustani, lile dogo la kukalia la kukatia majani. Nililinunua Msasani kwa Mmarekani aliyekuwa anahama. Mke wangu alikuja pale kwa ajili ya friji, na friji ikauzwa kwa mtu mwingine wakati mimi nalizunguka trekta nikilipigapiga magurudumu. Jambo hilo bado linatajwa nyumbani, hasa mwezi wa pili joto likipamba moto. Injini yake ni Kohler ya zamani, silinda moja, nguvu farasi 12, bloku ya chuma kitupu. Kazi yake ni kuninyolea viwanja vya watu Mbezi Beach na Goba wakati wa masika, na ada ya shule imetoka humo zaidi ya mara moja.

Masika iliyopita Babu akaanza kuvuta sigara. Moshi mweusi ungekuwa petroli nyingi, ningegusa kabureta basi. Huu ulikuwa wa buluu, na wa buluu ni oili inaungua: ama ringi zimechoka, ama silinda imelika, ama vyote. Ikawa nikijaza petroli najaza na oili. Mteja mmoja alinipigia simu kuuliza kama nimekuja kukata majani au kupulizia mbu. Nikamwambia vyote viwili, bei ileile.

Nikashusha injini, nikaitia bloku kwenye kiroba cha mchele, nikapanda nayo mwendokasi kutoka Kimara hadi Gerezani. Kiroba kilikuwa kinachuruzika kidogo. Mama aliyebanwa pembeni yangu akauliza ni samaki gani. Nikasema Kohler. Akasema huyo hajawahi kumla.

Pale Gerezani yuko fundi mmoja mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi, mikromita yake anaivisha flana kama mtoto mchanga. Alipima silinda juu, kati, chini, kisha akageuza akapima kwa upande mwingine.

"Imekuwa yai," alisema. "Konrodi inaisukuma pistoni ukutani, upande mmoja unalika kuliko mwingine. Lakini hiki ni chuma, bwana. Pistoni zake za ovasaizi, zile nene kuliko ya kiwandani, zipo tatu: ya 10, ya 20 na ya 30, kwa elfu za inchi. Hii haijachongwa hata mara moja. Tunachonga ya 20, ringi mpya, tunasaga valvu. Atakuzika."

"Siku ngapi?"

"Kuchonga ni siku moja. Pistoni inatoka Marekani. Wiki nne."

Sikuwa na wiki nne. Nilikuwa na siku 9. Shemeji yangu alikuwa anafanyiwa sendofu nyumbani kwao Kigamboni, na kwenye kikao cha familia, watu walipokuwa wanaahidi mbuzi na kreti za soda, mimi nilisimama nikasema uwanja wote wa nyumbani niachieni mimi. Makofi yalipigwa. Kwenye orodha ya michango, kwenye grupu, iliandikwa hivi: "Majani – mkwe wa Kimara." Ndiyo, vijana wawili wenye mafyekeo wangeumaliza uwanja ule asubuhi moja. Mke wangu alilisema hilo. Naliandika hapa asije akasema nimelificha.

Bloku nikaiacha Gerezani chini ya meza ya mzee, sikutaka kuwatia tena abiria njaa. Nikaenda kwa fundi kijana wa kona ya kwetu, anayetengeneza bodaboda.

"Mzee, hesabu za Gerezani ni za enzi hizo," aliniambia. "Kuchonga, kusaga, kusubiri meli! Toa, weka Mchina. Mpya kabisa, farasi 13."

Kumi na tatu ni nyingi kuliko 12. Sikuhitaji kusikia zaidi.

Tatizo likaja kwenye puli, lile gurudumu la mkanda linalovalishwa shafti ya injini. Tundu la puli ya Babu ni inchi moja na moja ya nane, na shafti ya Mchina wa kawaida ni inchi moja kamili. Ukiivalisha inacheza kama kiatu cha kaka mkubwa. Mtu mwenye subira angepeleka kwa fundi mashine achongewe bushi. Kijana wangu aliingia Kariakoo asubuhi, mchana akarudi na injini nyingine, iliyotolewa kwenye mashine ya kuchanganyia zege. Puani ilikuwa na kigiaboksi kidogo, na shafti ya hicho kigiaboksi ilikuwa nene. Akaisugua kwa tupa mara mbili tatu, puli ikaingia kama pete ya ndoa. Halafu bei ilikuwa pungufu kwa laki nzima. Nikamwona yule mzee wa Gerezani kuwa mtu wa kupenda makuu.

Sasa, ndani ya kigiaboksi kile mna gia mbili zimeumana. Moja ikienda kulia, nyingine inakwenda kushoto. Hata mtoto aliyefungua saa ya ukutani ya nyumbani analijua hilo, na amechapwa kwa kulijua. Sisi watu wazima wawili hatukuwaza.

Tukampandisha Babu juu ya matofali, tukavuta kamba, tukaingiza gia. Magurudumu ya nyuma yakazunguka. Mtaa ulishangilia. Hakuna aliyeuliza yanazungukia upande gani, maana gurudumu likiwa hewani, mbele na nyuma vinafanana. Yalibaki mambo mawili madogo. Injini ilikaa juu kidogo kuliko ile ya zamani, mkanda ukawa umebana mno, ukikanyaga klachi haulegei. Na ufunguo haukuwa umeungwa waya: kuzima ni kwa swichi ya injini yenyewe, huko mbele chini ya boneti.

"Tutaunga kesho," kijana alisema. Kesho yake nilikuwa ndani ya kirikuu, Babu amefungwa kamba nyuma, tunasubiri pantoni.

Kigamboni tulikuta matenti yameshasimamishwa. Wapambaji walikuwa wanafunga tao la maua, kinamama wanamenya vitunguu chini ya mwembe, na baba mkwe ameketi kibarazani na redio yake. Nikavaa kofia, nikavuta kamba, nikaketi. Klachi haikukubali, nikaisukuma gia kwa nguvu. Meno yakasagana, ikaingia. Babu akaanza kurudi nyuma.

Nikajua nimekosea, nimeingiza ya nyuma. Nikasukuma ya pili. Akarudi nyuma kwa haraka zaidi. Nikatia ya tatu. Hiyo iliingia na haikutaka tena kutoka. Sasa hivi nimetulia naweza kuwaeleza kwamba trekta lenye gia tatu za mbele na moja ya nyuma, injini ikizunguka kinyume, linakuwa na gia tatu za nyuma na moja ya mbele, na ile ya nyuma ndiyo ingeniokoa. Lakini nani, akiwa anarudi nyuma, anafikiria kutia gia ya nyuma?

Hata hivyo kigiaboksi cha zege kimetengenezwa kupunguza kasi, kwa hiyo mwendo wenyewe ulikuwa wa mtu anayemsindikiza mgeni. Hapo ndipo aibu ilipo. Ajali za wenzangu hutokea ghafla. Yangu ilikuwa na nafasi ya kutosha watu kuitana waje kuitazama.

Nikafika mbele ya kibaraza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akapunguza redio. "Zima."

"Swichi iko mbele, baba."

Akanitazama mpaka nikapita. Kwa nini sikuruka? Kinamama walikuwa wanaangalia. Nikaondoka na kamba ya tenti la kwanza, tenti likainama taratibu kama linasalimia wakwe, likalala juu ya tao la maua. Mpambaji alipiga kelele mpaka kuku wakahama banda. Babu akaendelea hadi kwenye simtanki la maji, likiwa limejaa, akaegemea pale magurudumu yakizunguka, akichimba mashimo mawili mazuri ya kupandia migomba. Mtoto wa jirani, miaka 9 hivi, aliyekuwa ananifuata kwa miguu tangu kibarazani, akainua boneti.

"Anko, ni hii?"

Ilikuwa hiyo.

Nyasi nazo? Visu vya Babu vina makali upande mmoja tu, na siku ile vilikuwa vinatangulia kwa mgongo. Nilikopita hapakukatika hata jani moja. Zilikuwa zimelala upande mmoja, zimechanwa kama mtoto anayekwenda kupigwa picha. "Mkwe, umezitengeneza vizuri," alisema mama mkwe mdogo, na hadi leo sijui alikuwa ananihurumia au la.

Robo saa baadaye waliingia vijana wawili na mafyekeo. Hakuna aliyeonekana kuwaita. Walisema shemeji wa Kimara, yaani mke wangu, aliwalipa kianzio tangu Jumatano. Tenti lilisimama tena, maua yakarudishwa mengi yao, sherehe ilifana. Kwenye orodha ya michango mtu ameongeza mabano: "Majani – mkwe wa Kimara (kuchana)."

Mchina nilimwachia shemeji mwingine anayejenga Kibada. Amerudishwa kwenye zege, na huko anazunguka upande unaotakiwa.

Jumatatu nikashuka Gerezani. Yule mzee alikuwa anapima bloku ya mtu mwingine, hakuinua kichwa.

"Ile ya Mchina ilikwenda?"

"Ilikwenda, fundi."

"Ilikwenda wapi?"

Nikamweleza. Akaweka mikromita kwenye flana yake, akavua miwani, akawaita mafundi wa meza tatu za jirani, akaniambia nianze upya, polepole, tangu pantoni. Walipomaliza kufuta machozi nikamuuliza, kwa heshima zote, kama sasa naweza kuagiza ile pistoni ya 20.

"Niliagiza siku ileile ulipoondoka," alisema akivaa miwani. "Nilijua utarudi."